Rudia, Mwanangu

Nukta ya kijani ilikuwa pembeni mwa skrini, ndogo kama punje ya mtama, na maana yake ilikuwa moja tu: nipo, niulize. Ilikuwa saa tisa kasorobo alasiri. Nilikuwa nimeikodolea macho tangu asubuhi na hakuna aliyeniuliza kitu. Ng'ambo ya kioo, hatua saba kutoka kwenye kiti changu, watu wanane walikuwa wamepanga foleni mbele ya meza ya mwanamke mmoja wa makamo. Wa tisa alikuwa mwanangu. Alikuwa amesimama juu ya kistuli nyuma ya ile meza, mdomo ameugandisha kwenye sikio la yule mama, akimnong'oneza siri ambayo mimi niliyemzaa sikuwa nimeambiwa.

Nikaihesabu tena ile foleni. Wanane. Mwenye kijicho hana kazi kubwa kuliko kuhesabu vya mwenzake.

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwepo bila shaka, lakini pale maktaba hakuna aliyelitumia. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka Mkuu, wote walimwita Bi Rudia, kwa sababu ya neno alilomwambia kila aliyefika mezani kwake. Ukimwuliza jambo, anainama mbele, anakutegea shavu kama mtu anayeota moto, kisha anasema taratibu, "Rudia, mwanangu." Unarudia. Anatikisa kichwa kidogo. "Rudia." Mara ya tatu ndipo anainuka kwenda kwenye rafu. Mlinzi alikuwa na mzaha wake kwamba kumsalimia Bi Rudia ni sawa na kula kiapo, usipotaja mara tatu hakikushiki.

Watu walicheka, na bado walipanga foleni.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo, kwenye kichumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya magazeti. Harufu ya karatasi kuukuu haikuwahi kukitoka. Mlangoni walibandika bango: Huduma ya Marejeo Mtandaoni, Uliza Popote Ulipo. Chini yake Mkuu aliongeza kwa kalamu yake mwenyewe, Kuuliza si ujinga. Yaani kazi ya Bi Rudia na kazi yangu ilikuwa ileile: mtu ana jambo halijui, wewe unamtafutia kitabu kinacholijua. Tofauti ni kwamba yeye walimfuata kwa miguu, mimi nilitakiwa kufuatwa kwa simu na kompyuta, na sikufuatwa.

Nieleze nilivyofika pale, maana bila hilo wivu wangu utaonekana wa kitoto. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, mimba ikiwa ya miezi minane, tumbo likininyima dawati, naandika kwa ubavu kama mtu anayechungulia dirishani. Cheti cha kompyuta nilikipata na mtoto mgongoni. Mwalimu wetu alikuwa na subira ya ajabu. Mtoto akilia, anashusha chaki, anangoja, halafu anaendelea pale pale alipoachia. Kwa hiyo nilipopewa mkataba wa miezi sita, na kiti chenye magurudumu, na kadi yenye picha yangu ya kuning'iniza shingoni, nilijiona kama mtu aliyepanda mlima kwa magoti na sasa anaambiwa asimame. Mkuu alinieleza wazi siku ya kwanza. Watu wakiitumia huduma, kazi itakuwa ya kudumu. Wasipoitumia, kichumba kitarudishiwa magazeti yake.

Nilinunua daftari la jalada gumu. Ukurasa wa kwanza nikaandika kwa mwandiko wa kujipendekeza: Maswali.

Wa kwanza kuniandikia alisema "Mambo." Nikamjibu kwa adabu zote, nikamwuliza nimsaidie nini. Akaandika "poa tu," akatoweka. Wa pili alitaka kujua kama tunauza madaftari. Wa tatu alikuwa fundi wa kompyuta akijaribu kama mtambo unafanya kazi; wa nne pia ni yeye, na wa tano. Wa sita aliuliza swali la kweli kabisa, juu ya kuku wanaovimba macho. Nikatoka mbio, nikarudi na vitabu viwili, nikaandika jibu la aya nne, na nilipoinua uso pale alipokuwa mtu pamebaki maandishi ya kijivu: mtumiaji ametoka.

Leo najua la kusema juu ya hilo. Kabla hujaniuliza chochote, mtambo ulikutaka utaje jina, umri, kiwango cha elimu, na uchague mada ya swali lako kwenye orodha ya mada kumi na nne. Mtu mwenye swali ni kama mtu aliyechota maji kwa viganja. Sisi tulimsimamisha mlangoni tukampa kalamu ajaze fomu.

Lakini wakati ule sikutazama fomu. Nilitazama kioo.

Chiriku, ndivyo tulivyomwita binti yangu kwa sababu ya mdomo wake, alikuwa na miaka minne. Bibi yake aliyekuwa akinishikia alikwenda kulea mjukuu mwingine aliyezaliwa, nami nikabaki nimeshika kichwa. Chekechea ilikuwa ikifunga saa sita mchana. Jirani alinisaidia kumleta hadi getini, lakini kanuni zilikataza mtoto ndani ya ofisi. Bi Rudia ndiye aliyemwona amekaa na mlinzi, miguu inaning'inia, anapiga soga na kila anayepita. Hakuniuliza. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya meza yake, akamtafutia kistuli. Mkuu alipokohoa akipita, yeye aliendelea kupanga kadi zake kana kwamba hakusikia.

Nilimshukuru. Nilimshukuru sana, na kila siku iliyopita ile shukrani ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa sababu mwanangu alianza kurudi nyumbani na Bi Rudia mdomoni. Bi Rudia anasema hivi, Bi Rudia anafunga kamba za viatu vile. Nikimsomea hadithi ananisahihisha sauti ya fisi. Jioni moja nikamwomba aninong'oneze siri moja tu, hata ya uongo. Alifikiri kidogo, akasema siri zimeisha, amezitumia zote kazini.

Baba yake, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi mji mwingine na tukionana mwisho wa mwezi, nilimsimulia kwenye simu. Akacheka mpaka akakohoa. "Wake za wenzangu wanawaonea wivu wasichana," akasema. "Wewe umeona ugombane na bibi wa watu." Nami nikacheka, maana ilichekesha. Tulipokata simu ule wivu ulikuwa palepale nilipouacha, umekunja nne, unanisubiri.

Kitu kilichoniuma zaidi sikumwambia. Kioo kilikuwa na tundu dogo la duara usawa wa uso, la enzi za kukabidhi magazeti, na kupitia tundu hilo nilisikia mambo yaliyokuwa yakiletwa mezani kwa Bi Rudia. Siku moja alikuja fundi magari, ovaroli limekauka kwa grisi, anazunguka-zunguka kwanza kwenye rafu za dini. Alipofika mezani aliuliza kama kuna kitabu cha sheria za ardhi. Rudia, mwanangu. Akasema, si ardhi yote, ni mambo ya mipaka ya viwanja. Rudia. Fundi akatazama nyuma kuona nani anasikia, akashusha sauti, akasema kaka yake amesogeza uzio, na yeye hataki kesi, anataka kujua namna ya kumwambia mtu umenionea bila kumpoteza mtu huyo. Hapo Bi Rudia akainuka. Alirudi na vitabu viwili: kimoja cha mipaka, na kingine cha mabaraza ya usuluhishi. Fundi akavipokea kwa mikono miwili, ile mikono yake myeusi akiinyoosha mbali na kurasa.

Swali kama lile sikuwahi kuandikiwa. Nilikuwa na mtambo wenye uwezo wa kutafuta kwenye maktaba arobaini kwa mara moja, na yeye alikuwa na shavu lake. Nilijiambia anawachelewesha watu. Nilijiambia ni maringo, anataka abembelezwe. Usiku na mchana ni tofauti, lakini mwenye wivu huona vyote kwa rangi moja.

Mwezi wa tano wa mkataba Mkuu akanitaka niandike ripoti. Kichwa cha habari alinipa yeye: Kwa Nini Watu Hawatumii Huduma ya Marejeo Mtandaoni. Bodi ingekutana baada ya wiki sita, na pale ndipo mkataba wangu ungeamuliwa.

Niliandika kwa siku tatu, na nyingi katika sababu zangu zilikuwa za haki. Watu hawajui kama huduma ipo. Wanaojua wanaogopa kuandika vibaya na kuchekwa. Vifurushi vya simu ni vya kupimia. Wengine hawaamini kwamba upande wa pili kuna mtu. Nilipofika sababu ya mwisho nikasimamisha mkono. Nakumbuka vizuri, kwa sababu Chiriku alikuwa amecheka ng'ambo ya kioo, kile kicheko chake cha kukatika katikati, na nilipoinua macho nikamwona amemlalia yule mama begani. Nikaandika: Sababu kuu ni kuwepo kwa meza ya marejeo ndani ya ukumbi, ambayo imewazoesha watumiaji kuhudumiwa ana kwa ana. Inapendekezwa meza hiyo ifungwe mchana wa Jumanne na Alhamisi, kwa majaribio.

Inapendekezwa. Lugha ya ofisi ina kinyago kwa kila uso.

Mkuu aliisoma kwenye kikao cha wafanyakazi, nasi tumekaa wote. Alipomaliza, Bi Rudia alimtazama mdomoni, akasema, "Rudia, Mkuu." Watu wakatabasamu. Mkuu akarudia lile pendekezo, safari hii kwa sauti kubwa na ya aibu. Bi Rudia akatikisa kichwa. "Haya," akasema. "Nina vitabu vingi vya kutia gundi." Mtu mmoja akauliza je, watu wasipozoea? Mimi nikadakia, nikiwa bado na joto la ushindi, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Wakacheka. Bi Rudia naye akacheka, ila alichelewa kidogo, kama mtu anayepiga makofi baada ya wenzake kumaliza.

Jumanne ya kwanza walikuja kama kawaida. Walikuta meza imefunikwa kitambaa na juu yake kibao kinachowaelekeza kwenye kompyuta mbili ukumbini. Wengi walisoma kibao, wakakisoma tena, wakageuka. Wachache walikaa. Alikuwepo mama mmoja mshona nguo, namfahamu kwa futi yake ya kitambaa aliyoivaa shingoni kama mimi nilivyovaa kadi yangu. Alijaza fomu kwa kidole kimoja. Kazi: ushonaji. Mada: hakuchagua. Kisha kwenye skrini yangu, baada ya miezi mitano ya ukame, ikatokea: Habari za mchana.

Nikajibu: Nzuri. Nikusaidie nini?

Alikuwa hatua tisa kutoka kwangu. Nilimwona akisoma jibu langu, akiinua kichwa, akiangaza ukumbi mzima kutafuta aliyesema naye, mpaka macho yake yakatua kwenye kioo. Tukatazamana. Nikamwonyesha kwa kidole: andika hapo, andika. Akarudi kwenye skrini. Kale kamstari kakapepesa, kakapepesa. Vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe lakini havikushuka. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama na kufungua mlango. Ila swali la mdomo lisingehesabika mtandaoni, na mimi nilikuwa nahesabu. Nikabaki kitini.

Mwisho akaandika: Basi tu. Akakunja futi yake, akaondoka.

Nikaandika kwenye daftari: mtumiaji mmoja.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa tisa na robo, likaja swali. Kwenye jina pameandikwa Msomaji, kwenye umri, Mtu mzima. Nalikumbuka neno kwa neno. "Naomba kuuliza. Mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza watu, na sikio lake moja limeanza kufa, kuna kitabu gani cha kumsaidia?"

Furaha niliyopata haikuwa ya mtu aliyeona mwenzake ana shida. Ilikuwa ya mvuvi aliyehisi mshipi unavutwa. Dakika kumi na mbili zilinitosha. Nilimpa vitabu vitatu na namba zake za rafu. Nikamshauri amwone daktari wa masikio. Na kwa kuwa nilitaka jibu liwe kamili, nikaongeza kwamba kwa kuwa usikivu ndiyo nyenzo kuu ya kazi yake, ni vema mwajiri aarifiwe mapema ili mhusika ahamishiwe kazi nyingine. Nikabonyeza. Mtambo ukaandika: swali limefungwa.

Nilikimbia kumwonyesha Mkuu. Akasema sasa hilo ndilo swali la kusomea bodi.

Jumanne Msomaji akarudi. "Asante kwa jibu. Na kama hajamwambia mtu yeyote?" Nikampa hoja tatu juu ya faida za uwazi, nikazipamba na methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Swali limefungwa. Siku zile nilitembea kwa madaha. Hata wivu ulilegea. Nilimtazama Bi Rudia akipita na chupa yake ya gundi na nikamhurumia, nadhani, kwa namna watu wanavyohurumia kiti kilichohamishiwa barazani.

Alhamisi likaja la tatu. "Naomba kuuliza tena. Mtu huyo anaogopa."

Nililitazama. Halikuwa na alama ya kuuliza. Halikuwa na mada. Sikujua nilitafutie rafu gani. Nikaandika: Tafadhali fafanua swali lako. Nikangoja hadi saa ya kufunga. Hakuna kilichokuja.

Jumanne iliyofuata ndiyo siku ninayoiita siku ile, hata leo, na Baba Chiriku anajua ni ipi bila kuuliza. Nilimaliza zamu nikaenda kumchukua mtoto kwenye chumba cha kukarabatia vitabu, nyuma kabisa, ambako mchana wa siku zile mbili Bi Rudia alikuwa akishinda. Mlango ulikuwa wazi. Alikaa amenipa ubavu, kitabu kimebanwa kwenye mbao, brashi ya gundi mkononi. Chiriku alikuwa kwenye kistuli chake, ng'ambo yake, upande wa kulia, ananong'ona. Kule ukutani ilikuwapo kompyuta ya zamani ya orodha ya vitabu, imewashwa.

Nikasema, "Shikamoo, mama." Hakugeuka. Nikadhani ananinunia, na moyo wangu ukasema, unastahili. Nikasogea, nikasema tena karibu kabisa na bega lake la kushoto. Brashi iliendelea kupanda na kushuka.

Chiriku akanitazama kama ninavyomtazama yeye akivaa viatu mguu si wake.

"Siyo huko, mama," akasema. "Hilo limelala. Njoo huku kwenye linaloamka."

Bi Rudia aliliona jicho la mtoto limepanda juu ya bega lake, akageuka, akanikuta. Macho yangu yalianguka mezani, nadhani yalikuwa yanatafuta pa kujificha, na pale yakakutana na karatasi aliyokuwa akiiwekea brashi ili gundi isichafue meza. Ilikuwa jibu langu, limechapwa. Maneno ahamishiwe kazi nyingine yalikuwa yamepigiwa mstari kwa penseli, mstari mwepesi ulionyooka, kama wanavyofanya wasomaji wenye adabu kwenye kitabu cha kuazima.

Nilianza kusema sikujua. Akainua mkono, si kwa ukali, akanivuta kwa kiwiko mpaka nikazunguka, nikasimama upande alipokuwa mwanangu.

"Ulijibu vizuri," akasema. "Haraka, na kwa vitabu vyake. Miaka yote hii nilikuwa nawaambia watu warudie kwa sababu siwapati vizuri. Nikaja kuona kumbe la kwanza ni la kubishia hodi, la pili ni la kusalimia. Lenyewe linakuja la tatu." Akatazama brashi yake. "Kwako nilirudia mara tatu, mwanangu."

Nikamwuliza kwa nini hakuja tu kuniambia, sisi tunakaa jengo moja. Alitabasamu. Akasema kuna jambo huwezi kulisema mezani, kwa sababu mezani una uso. Akasema nisikibeze kile kichumba changu, kina kazi yake. Ila kilikuwa hakijapata mtu wa kukaa ndani.

Zilibaki wiki mbili bodi ikutane. Mkuu alikuwa ameshapanga kuyasoma yale maswali matatu mbele ya wajumbe, neno kwa neno, na alimwagiza fundi wa kompyuta aangalie yametoka wapi ili waseme huduma imefika umbali gani. Kwenye jengo la wafanyakazi kumi na mmoja, mmoja wao akijulikana kwa kuwaambia watu warudie, isingechukua dakika kuunganisha. Na yale maswali matatu ndiyo yaliyokuwa mkataba wangu. Sikuwa na mengine.

Nisijipambe. Nililala na jambo lile siku nne. Sauti moja iliniambia kwamba mimi sikumtuma. Kwamba yeye ana pensheni inamngoja, mimi nina mtoto. Ikaniambia pia, na hii ndiyo iliyonitisha, kwamba akiondoka, Chiriku atarudi kuwa wangu.

Siku ya tano nikaenda kwa Mkuu, nikamwambia yale maswali niliyaandika mwenyewe.

Alivua miwani. "Ulijiuliza mwenyewe?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

Fundi alikuwa ameshamwambia kwamba maswali yametoka humo humo ndani ya jengo, kwa hiyo uongo wangu ulikuta kiti kimeshaandaliwa. Hakupiga kelele. Alivuta ripoti yangu, akachora mstari juu ya ukurasa wa mwisho alikoyabandika yale maswali, na kwa kuwa alikuwa anachora, nikamwomba achore pia ile sababu kuu, kwa kuwa nayo niliikosea. Aliuliza sasa aandike nini badala yake. Nikamwambia kwamba watu wengi hawaji na swali. Wanakuja na kitu kinachouma, na swali wanalipata njiani wakiwa wanaongea na mtu. Akasema hilo haliingii kwenye jedwali.

Meza ikafunguliwa Jumanne iliyofuata. Mimi nilikuwa na wiki zangu chache za kumalizia, na kichumba kimeshaanza kupokea magazeti. Nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi na kikombe changu na daftari langu, sijui nikae wapi, Bi Rudia alipokisogeza kile kistuli cha Chiriku kwa mguu, bila kunitazama, kikaja kusimama upande wake wa kushoto. Nikakaa. Kila aliyekuja upande ule nilimpokea mimi, nikamgeuzia yeye uso na kuyarudia maneno kwa midomo iliyofunguka vizuri, kama ninayemfundisha mtoto. Watu walidhani ni utaratibu mpya. Mshona nguo naye alirudi. Sitasema alikuwa na nini. Ilimchukua mara nne.

Hatukuwahi kulizungumza tena. Aliendelea mpaka mwisho wa mwaka, akaaga kwa mdomo wake mwenyewe, siku aliyoitaka.

Ni miaka mitano sasa. Nina meza yangu kwenye shule ileile ya jioni niliyosomea, makabati mawili ya vitabu na kompyuta moja, ambayo pembeni mwa skrini ina nukta ya kijani. Hakuna fomu. Kuna sehemu tupu ya kuandika, basi. Wiki nyingine hapaji mtu. Wiki nyingine linakuja jambo ambalo nikilisoma najua mwenyewe asingeweza kulileta kwa miguu, na hilo nalingojea hadi lije mara ya tatu.

Chiriku yuko darasa la tatu. Amepungua maneno, au ameanza kuyachagua. Jioni ananipitia kazini tunarudi nyumbani pamoja, na mara moja moja huwa ana siri. Masikio yangu yote mawili ni mazima, lakini akiwa upande wangu wa kushoto hanong'oni hapo. Anazunguka nyuma ya kiti, anakuja kusimama kulia, anaweka mkono begani kwangu kama alivyozoea kuuweka kwenye bega lingine. Kila akizunguka, kitu kidogo kinanichoma, hapa chini ya mbavu. Sijakitoa. Nimekizoea.

Anainama, ananiambia. La kwanza nimelisikia vizuri kabisa.

Namwambia arudie.